Je, Wajua? Noti moja, nchi nane

Tarehe 30 Novemba 2013, jijini Kampala, viongozi wa nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini itifaki ya kuwa na sarafu moja baada ya miaka kumi. Miaka kumi ikapita, siku ikasogezwa hadi 2031, na jumuiya yenyewe ikanenepa kutoka nchi tano hadi nane. Wapo wanaolizungumza jambo hili kana kwamba ni geni kwetu. Hao wasome kwanza.

Je, wajua kwamba Zanzibar ilishaachishwa sarafu yake miaka 30 kabla Benki Kuu ya Tanzania haijafungua milango? Sultani Barghash alikuwa na riyali na pesa zake za mwaka 1882. Mwaka 1908 zikaja noti za rupia ya Zanzibar. Ilipofika Januari 1936 rupia ikafutwa, na aliyekuwa na rupia moja akapewa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1965 suala la sarafu likaingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano, na hadi leo ukitaka kuichemsha baraza yoyote ya Unguja, uliza tu fungu la Zanzibar katika Bodi ya Sarafu, iliyokuwa ikitoa shilingi hiyo ya Afrika Mashariki, lilikwenda wapi. Utakunywa kahawa vikombe vitatu kabla hujapata nafasi ya kusema tena.

Kabla ya yote hayo, pwani ilikuwa na riyali ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Zote ziliandikwa mwaka 1780, hata zile zilizogongwa zaidi ya miaka 150 baadaye huko Rome, London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara hawakuiamini yenye tarehe nyingine. Sarafu ya pamoja kutoka Uhabeshi hadi Zanzibar, bila benki kuu, bila itifaki, bila mkutano hata mmoja wa marais.

Wajua kuwa Tabora iliwahi kugonga sarafu za dhahabu? Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa na vita na meli za kwao hazifiki, walitengeneza sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli. Zina picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke.

Je, wajua kwamba mageuzi ya sarafu yaliwahi kuchangia damu kumwagika Nairobi? Kabla ya shilingi, Kenya ilitumia rupia ya India, na kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa pauni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya madini ya fedha ikapanda, rupia nayo ikapanda, na mwaka 1920 serikali ikaamua kuifunga hapo ilipofika: rupia 10 kwa pauni. Piga hesabu. Mlowezi aliyekopa rupia 1,500 alikuwa anadaiwa pauni 100. Sasa anadaiwa 150, na kahawa yake anaiuza London kwa pauni zilezile. Afanyeje? Mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kukata theluthi moja ya mshahara wa Mwafrika. Harry Thuku, kijana aliyekuwa akipokea simu katika ofisi ya Hazina ya serikali, akaunda chama cha kupinga mshahara huo, kodi na kipande. Machi 1922 akakamatwa, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi, na watu zaidi ya 20 wakapigwa risasi wakafa. Wachumi huita mambo haya marekebisho. Anayerekebishwa mara nyingi hayumo kwenye kikao.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza rasmi Januari 1922. Kabla yake kulikuwa na florini, iliyoishi mwaka mmoja na kitu. Nani anaikumbuka?

Wajua shilingi hiyo ilifika wapi? Kenya, Uganda, Tanganyika, kisha Zanzibar, Somalia ya Waingereza, Aden, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata Ethiopia na Eritrea. Mzee aliyeuza ng'ombe Moshi na muuza samaki wa Aden walishika senti kumi ileile yenye tundu katikati, tundu la kupitishia uzi ili mtu azibebe kwa mtungo. Kwa eneo, ilikuwa kubwa kuliko mengi tunayoyaota leo.

Sasa hapa ndipo watu wengi hukosea. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, haikuwa benki kuu. Ilikuwa kama duka la kubadilishia fedha: leta pauni London, chukua shilingi Mombasa, shilingi 20 kwa pauni moja, na ukitaka pauni yako rudisha shilingi. Haikupanga riba. Haikuokoa benki. Mpaka mwaka 1955 haikuruhusiwa kuzikopesha serikali za huku hata kidogo, na ruhusa ilipotoka ilikuwa ya kiasi cha kupimwa kwa kijiko. Ndiyo sababu ilitulia. Hakukuwa na waziri wa fedha wa kupiga simu usiku akiomba achapishiwe za mishahara. Wanaoikumbuka kwa mapenzi shilingi ile husahau kwamba utulivu wake ulikuwa utulivu wa koloni: ukame ukiingia Dodoma au pamba ikishuka bei Buganda, Bodi haikuwa na habari.

Je, wajua kwamba kuna mtu mmoja aliyeshauri kuhusu fedha ya Tanganyika na baadaye akaifichua Zaire, Kongo ya leo? Erwin Blumenthal, ofisa wa benki kuu ya Ujerumani Magharibi, aliitwa Dar es Salaam, na ripoti yake ya 1963 ilipendekeza ngazi mbili: kila nchi na benki yake, na juu yake chombo cha pamoja. Pendekezo likafa. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa likampeleka Kinshasa kusimamia Benki ya Zaire. Hakudumu. Katika ripoti yake ya 1982 aliwaonya waliomkopesha Rais Mobutu kwamba wasahau kulipwa.

Chombo cha pamoja kilikwama kwa swali moja ambalo mpaka leo halijazeeka: nani ataamua serikali ipi ikopeshwe kiasi gani? Juni 1965 ikatangazwa kuwa kila mtu achukue njia yake. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, ya Uganda Agosti, ya Kenya Septemba. Gavana wa kwanza wa Tanzania, Edwin Mtei, ndiye aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ile ya zamani kuanzia 1974 hadi ilipovunjika 1977. Mazishi mawili, mfiwa mmoja.

Shilingi tatu ziliondoka zikiwa sawa, moja kwa moja. Leo shilingi moja ya Kenya inapata takriban 20 za Tanzania na karibu 28 za Uganda. Usishangilie upesi ukiwa Nairobi wala usijifariji ukiwa Kampala, kwa maana Mei 1987 Uganda ilikata sifuri mbili, shilingi 100 za zamani kwa moja mpya, na juu ya hapo ikatoza asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa. Bila mkato huo, ile 28 ingesomeka 2,800. Anayesema sarafu yake ndiyo uhuru wake amuulize mtu aliyekuwa ameweka akiba kwenye godoro mwaka ule.

Na Kongo je? Oktoba 1993 Mobutu alileta zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Watu wa Kasai wakaikataa katakata. Waliendelea kununua na kuuza kwa noti kuukuu zilizochakaa, ambazo serikali ilikuwa imeacha kuzichapisha, na labda hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake kubwa. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Yaani faranga moja ilimeza zaire za zamani bilioni 300. Leo Goma, Bukavu na Lubumbashi kodi ya nyumba hulipwa kwa dola na nyanya kwa faranga, na dola yenye kona iliyochanika kidogo utarudishiwa mkononi hata kama ni ya mia. Nchi hii haikuiacha sarafu yake kwa itifaki. Wananchi waliiacha wenyewe, mmoja mmoja, sokoni.

Somalia, mwanachama mpya kuliko wote, ilipoteza serikali mwaka 1991 lakini shilingi yake ikaendelea kuzunguka. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kuwa asilimia 98 ya noti hizo ni za bandia. Watu walijua, na wakazipokea.

Rwanda na Burundi waliwahi kuwa na faranga moja na benki moja ya kuitoa. Ilikwisha 1964.

Je, wajua gharama ya kubadilisha fedha inavyomla mfanyabiashara mdogo? Simama Namanga, upande wowote wa mpaka. Vijana wana mabunda mkononi, la Kenya kushoto, la Tanzania kulia, na wanahesabu kwa kidole gumba bila kuangalia. Tuseme mmoja wao ananunua shilingi ya Kenya kwa 19 na kuiuza kwa 20. Mpe 10,000 za Kenya, atakupa 190,000 za Tanzania. Geuka hapohapo, mrudishie. Utapokea 9,500. Hujanunua hata kitunguu kimoja na mia tano imeondoka. Mama anayevusha nyanya mara mbili kwa wiki anakatwa hivyo mwaka mzima, na kutuma kwa simu hakumponyi, kwa sababu simu nayo ina bei yake ya kuchenji. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za sarafu moja, nami naiheshimu kuliko hotuba zote za umoja nilizowahi kuzisikia.

Lakini hoja hiyo ina nusu ya pili. Sarafu yako ikishuka thamani, bidhaa zako zinakuwa rahisi nje na za nje zinakuwa ghali kwako. Inauma, ila inauma kidogokidogo na kwa wote. Ukiwa huna sarafu yako, maumivu yanatafuta mlango mwingine. Ugiriki iliuona mlango huo. Ilikuwa ndani ya yuro, madeni yakaielemea kuanzia 2009, na kwa kuwa haikuweza kushusha thamani ya yuro, ilishusha mishahara na pensheni. Mwaka 2013 zaidi ya robo ya nguvukazi haikuwa na ajira. Kiangazi cha 2015 benki zilifungwa, na mashine za kutolea fedha zikampa kila mtu yuro 60 kwa siku, basi.

Wajua kwamba Wadenmark waliulizwa kwa kura mwaka 2000 wakakataa yuro, na Waswidi wakakataa 2003? Huku kwetu sijasikia kura ya namna hiyo ikitajwa hata kwa utani.

Tarehe 11 Januari 1994, mjini Dakar, faranga ya CFA, fedha ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika Magharibi na ya Kati, ilikatwa nusu kwa siku moja. Iliyokuwa 50 kwa faranga moja ya Ufaransa ikawa 100, kwa nchi zote, iwe inayouza kakao, mafuta au isiyouza chochote. Ndugu zetu wa Komoro walikuwa pembeni kidogo, na faranga yao wenyewe iliyofungwa kwa Ufaransa lakini si sehemu ya CFA. Yao ilishushwa hadi 75 tu. Visiwa vidogo kuliko wote mezani, na kwa kuwa na noti yenye jina lao walipata kipimo chao.

Botswana iliiacha randi ya Afrika Kusini mwaka 1976 na kuanzisha pula. Lesotho, Eswatini na Namibia zimebaki, fedha zao zikiwa moja kwa moja na randi. Zote nne zinaishi. Anayekuambia kuna jibu moja kwa kila nchi anauza kitu.

Je, wajua muungano wa sarafu uliokufa haraka kuliko maziwa ya kopo? Jamhuri ya Cheki na Slovakia ziliachana Januari 1993 zikikubaliana kubaki na koruna moja. Ilidumu hadi Februari 8. Watu walihamisha akiba zao kwenda Prague, na serikali zikabandika stempu juu ya noti za zamani ili kuzitofautisha mpaka mpya zichapishwe.

Panama inatumia dola ya Marekani tangu 1904. Montenegro inatumia yuro bila kuwa mwanachama wala kuomba ruhusa ya mtu.

Wajua kilichoizamisha sarafu moja ya Ghuba? Nchi sita zilipanga kuanza 2010. Oman ikasema mapema kwamba haitawahi tarehe hiyo. Kisha Mei 2009 Umoja wa Falme za Kiarabu ukajitoa baada ya kuamuliwa kwamba makao ya benki kuu ya pamoja yawe Riyadh. Hawa ni watu wenye lugha moja, dini moja, mafuta yaleyale, na karibu wote wamefunga fedha zao kwa dola. Walikwama kwenye anwani.

Sisi hata mafuta hayatuunganishi. Bei ya pipa ikipanda, Juba inapokea na Nairobi inalipa. Shaba ikishuka, Lubumbashi inalia na Bujumbura haina habari. Benki kuu moja ina riba moja ya kuwapa wote, siku hiyohiyo. Marekani hutibu hili kwa kodi ya shirikisho: jimbo likianguka, fedha za Washington zinaingia. Je, wajua bajeti ya mwaka ya Jumuiya yetu nzima? Ni takriban dola milioni 100, na wapo wanachama ambao hata mchango wao wa hiyo hawajaulipa wote. Mfuko wa kumwokoa nani huo?

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 231, inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu za nchi. Noti mpya za 2019 zilipotoka zikiwa na jengo la KICC na sanamu ya Kenyatta mbele yake, watu walikwenda mahakamani. Tanzania ina Nyerere kwenye noti ya 1,000. Wazungu walikwepa ugomvi wa aina hii kwa kuchora kwenye yuro madaraja ambayo hayakuwapo popote duniani, ila mji mmoja wa Uholanzi, Spijkenisse, ukayajenga baadaye. Na Bodi yetu ya zamani? Noti zake za 1964 ziliondoa kichwa cha malkia na kuweka mashua ya Ziwa Victoria. Ziwa ni la wote watatu, hakuna aliyenuna. Miaka miwili baadaye zikaanza kuondolewa.

Mwaka 2024 picha za noti ziitwazo Sheafra zilisambaa mitandaoni zikidaiwa kuwa ndizo fedha mpya za Afrika Mashariki. Sekretarieti ya Jumuiya huko Arusha ilibidi ikanushe. Wengi walikasirishwa na jina kuliko habari yenyewe.

Machi 2025 Tanzania ilitoa kanuni za kukataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni: kodi ya nyumba, ada za shule na kadhalika ziwe kwa shilingi. Naiunga mkono. Ila ni nchi ileile yenye saini kwenye itifaki ya kuiacha shilingi hiyo, na sijaona mtu akiyaweka mambo haya mawili kwenye sentensi moja.

Wajua masharti ya kuingia katika sarafu hiyo moja? Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8. Nakisi ya bajeti, misaada ikihesabiwa, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Deni la umma, kwa thamani ya sasa, lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa. Sudan Kusini imewahi kuwa na mfumuko wa mamia ya asilimia, kwa hiyo tusiizungumzie. Itazame Kenya, yenye uchumi mkubwa kuliko wote hapa. Mwaka 2023, miaka kumi baada ya Kampala, bunge lake lilitunga sheria mpya ya ukomo wa deni kwa kipimo hichohicho cha thamani ya sasa. Ukomo walioandika ni asilimia 55, na ruhusa ya kuzidi kwa tano.